Mkono wa Mtu

Saa tatu kamili asubuhi nainamia kipimo cha mvua.
Milimita nne na nusu.
Naandika kwa penseli, kama alivyoandika Malimi,
na kabla ya Malimi yule ambaye saini yake
ni mkia wa panya tu chini ya kila ukurasa.
Miaka hamsini na sita ya maji yaliyokwisha kukauka
imo kwenye kabati la chuma, inanuka mende.

Huku kwetu mvua ikichelewa hawasemi imechelewa.
Wanasema: kuna mkono wa mtu.
Na ndiyo kazi niliyoajiriwa, kuutafuta huo mkono,
ila ofisini imepewa jina refu zaidi.

Nilianza na mikono midogo.
Malimi alipenda tano na sifuri,
kila asubuhi yake inaishia kwa tano au sifuri
kama muuza dagaa asiyetaka habari za chenji.
Machi moja haina kitu: alikuwa amelazwa Bugando.
Halafu kipimo kilihamishwa hatua thelathini
ili mkubwa fulani apate pa kuegesha gari.
Nikaitoa mikono hiyo mmoja mmoja,
kama anayechambua mchele wa harusi.

Nikaja kwenye mabati.
Bugarika ilikuwa mawe na nyasi, leo ni paa juu ya paa,
na usiku kucha mabati yanatema jua la mchana.
Nikasema labda ni hayo tu, tunajipika wenyewe.
Nikaagiza daftari la Ukara, kisiwani, kusiko na ghorofa.
Usiku wa Ukara nao umepanda,
kimya, kama mchwa ndani ya nguzo.

Nikaliuliza ziwa. Ziwa lina mambo yake:
kabla ya alfajiri linaita radi katikati ya maji,
linawanyeshea wavua dagaa na karabai zao,
kukikucha linajifanya halikutoka.
Nikaliuliza jua. Jua liko vile vile.

Kwenye kompyuta ninazo dunia mbili.
Moja ina viwanda, meli, ndege, misitu iliyolala chini.
Ya pili ni hii hii,
ila hakuna aliyewahi kuwasha kitu kikubwa kuliko jiko.
Nimeiendesha ya pili mara mia.
Haikunipa hata mara moja
usiku kama huu wa Mwanza, shuka mguuni, dirisha wazi.

Kuhusu mvua sitadanganya.
Mvua ina kelele nyingi kuliko jibu.
Mwaka huu inazoa kuku Mabatini,
mwaka ujao mahindi yanajikunja Kwimba.
Joto, nimeandika: upo, mkono upo.
Mvua, nimeandika: ushahidi hautoshi.

Ushahidi hautoshi.
Laiti kungekuwa na mtu wa kulisema hilo Kayenze
mwaka ule wa ukame, nikiwa darasa la tano.
Bi Kabula alizaliwa siku ya mvua, akaitwa mvua.
Kuni hazikuwepo, alipikia samadi,
miaka arobaini kwenye chumba kisicho na dirisha,
macho yakawa mekundu kama pilipili.
Watu wakayatazama macho, kisha wakatazama mbingu.
Walimwendea usiku.
Baba alirudi jogoo wa pili, akanawa hadi kwenye viwiko.
Hatukumuuliza.

Wao walitafuta mkono wakaukuta moshi.
Nami nimetafuta mkono, nimeukuta moshi,
ila huu wangu wenye nao wanalala mbali,
hawajui Kayenze iko upande gani wa maji,
na macho yao ni meupe.

Nimejaza fomu ya mwezi.
Chini kuna kisanduku cha maoni, upana wa vidole viwili.
Nikaandika humo: Kabula.
Nikalifuta kwa raba.
Karatasi ukiilaza kwenye mwanga bado linasomeka.